Kambare Dume wa Baba

Baba alishuka kwenye basi akiwa na gunia lililolowa maji, akanikabidhi kabla hata hatujasalimiana. "Wageni wako hawa," akasema. Alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa kifua, lakini ungedhani amekuja kuleta samaki tu. Ndani, katikati ya majani mabichi, kulikuwa na kambare wawili wa kinamasi cha kwetu ziwani, jike na dume, wazima kabisa. Kambare hupumua hewa kama sisi, mradi ngozi isikauke.

Mimi huzalisha vifaranga wa samaki. Nilianzia mtaa wa Laini Saba, uhaba wa maji ukanishinda, nikahamia mtaa wa Kawangware 46, nyuma ya nyumba za kupanga. Mwaka huo vifaranga walikuwa wanatoka na mikia iliyopinda, na wateja walikuwa wananihama mmoja mmoja. Nilipomlalamikia Baba kwa simu, alicheka hadi akakohoa. "Si unaozesha ndugu na dada! Hata sisi watu hatuoani ndani ya ukoo." Nilijua hayo, ila sikupenda kuambiwa. Damu mpya ilibidi itoke ziwani.

Alipokuwa haendi hospitali, Baba alikaa juu ya debe kando ya tangi. Wageni walikataa chakula cha dukani. Jike alisugua pua ukutani hadi ikachubuka. Basi Baba akaenda mwenyewe kwa muuza kuku, polepole, akisimama kuvuta pumzi, akarudi na matumbo ya kuku. Dume ndiye aliyekula kwanza. Ikawa kila akiona kivuli cha Baba anapanda juu, mdomo wazi. "Huyu amenizoea," Baba alisema. Sikuwahi kumwona amefurahi hivyo hapa mjini.

Kisha tumbo la jike likalainika, mayai yakawa tayari, na ilibidi nimwambie Baba kinachofuata. Jike hukamuliwa mayai kwa mkono akarudishwa majini. Dume wa kambare hakamuliki. Mbegu yake haipatikani mpaka apasuliwe.

Baba aliangalia maji. "Kwa hivyo asipokufa hawi baba?"

"Ndiyo kazi ilivyo, Baba."

"Ngoja basi nirudi nyumbani kwanza, nyathina. Sitaki kuona."

Aliniita nyathina, mtoto wangu, pale tu alipokuwa na ombi. Nilikasirika. Mayai hayamngoji mtu, yakikawia huyeyuka tumboni, nami sikuwa na jike mwingine wa kutegemea. Lakini ningemkatalia vipi? Kila asubuhi nilipapasa tumbo la jike, nikaingiwa na hofu, nikafunika tangi.

Baba hakurudi nyumbani kwa miguu yake. Kifua kilimbana alfajiri moja, akafia kwenye benchi la hospitali tukingoja kuitwa. Tulimsafirisha, tukamzika nyumbani kwake, upande unaotazama ziwa. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Niliporudi Kawangware, nilifunua tangi. Dume akapanda juu, mdomo wazi. Nilikaa kwenye lile debe nikalia upya. Nilimchukia samaki yule kwa kumngoja Baba, nikajichukia na mimi. Nikapapasa tumbo la jike. Lilikuwa bado laini, ingawa si kama mwanzo.

Jioni nilimdunga jike sindano ya kuivisha mayai. Asubuhi nikamtoa dume. Hakupigana. Nilimwomba radhi kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu ndiyo Baba aliyokuwa akiitumia kumsemesha. Halafu nikapasua.

Vifaranga walioanguliwa walikuwa wachache. Niliinamia maji nikitafuta mkia uliopinda, sikuuona hata mmoja.

Mama akapiga simu. "Wale wageni wa baba yako wamefikia wapi?"

"Wamezaa, Mama. Watoto wamenyooka vizuri."

"Na baba yao?"

Niliangalia lile debe tupu kando ya tangi. Nilisikia kuku wake wakilia kule uani.

"Basi," akasema, "walishe vizuri."