Kumbe Mtani Alisema Kweli

Samaki mdogo na samaki mchanga si kitu kimoja. Neno hili nimelisema mara nyingi maishani, na silisemi kwa ukali, maana anayelisikia mara ya kwanza hana kosa. Sisi wa Tabora mjini, kila kilichokuwa kidogo chenye magamba tulikiita dagaa. Dagaa wakavu walikuja kwa treni kutoka Kigoma, wakauzwa kwa kikombe pale sokoni Isevya, na jina lao likawafunika samaki wote wadogo wa mitoni: wale waliokwisha kukua na hawataongezeka ukubwa tena, na wale ambao ndio kwanza wametoka kinywani mwa mama yao, maana ndimo perege anamolelea wanawe.

Kuwatofautisha hao ndiyo ilikuwa kazi yangu. Katika miaka ya mwisho ya Mwingereza, baraza la mtemi liliniajiri kuwa bwana samaki kwenye mto Ugalla, kusini ya Urambo. Amri ilikuwa fupi. Perege asiyefika shibiri moja asitolewe majini, hata kwa chambo. Atakayekutwa naye, wavu wake uchomwe. Visamaki vingine ambavyo umbo lao ni dogo tangu asili viliruhusiwa.

Kiangazi mto ule hukatika ukawa mabwawa, na wavuvi hupiga kambi kando yake. Katika kambi moja alikuwapo mzee wa Kinyamwezi aliyetega kambare kwa ndoana. Aliwakausha kwa moshi, akawafunga ndani ya makasha ya magome ya miti na kuwapeleka Urambo kwa baiskeli. Kambare wake walitaka chambo kilicho hai, na chambo alikipata kwa wavu wa macho madogo alioufuma mwenyewe masika mazima. Bila wavu ule hakuna chambo, bila chambo hakuna kambare, na kambare wa kiangazi ndio waliomlisha mwaka wote.

Mimi ni Mzaramo; baba yangu aliletwa Tabora na kazi ya reli. Anayejua habari za misafara ya zamani anajua maana yake. Babu zake mzee yule walibeba pembe hadi pwani, babu zangu wakawapokea, na tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, hutukanana kwa mzaha na hakuna wa kukasirika. Kwa umri alikuwa sawa na baba yangu, lakini siku ya kwanza nilipofungua kinywa kumwamkia alinikatiza.

"Shikamoo ya Mzaramo nitaipeleka wapi? Nitaisongea ugali?"

"Utaibeba kichwani," nikamjibu. "Si ndiyo kazi yenu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hatukuamkiana kwa heshima hata mara moja. Tuliamkiana kwa matusi, na nilimpenda.

Kwa namna hiyohiyo ndivyo nilivyomfundisha. Nilimwonyesha perege mchanga: mwili bapa na mpana, na doa jeusi mwishoni mwa pezi la mgongoni. Kisha nikamwonyesha visamaki vyembamba vya rangi ya fedha, mkia wenye panda, na vindevu kama nyuzi pembeni mwa mdomo. Nikampasua mmoja, hazidi kidole changu. Tumbo lilikuwa limejaa mayai.

"Huyu ni mama mzima," nikasema. "Mchukue. Yule mwenye doa ni mtoto, mrudishe."

"Mla nazi wewe," akasema, "samaki asiye na tui umemjulia wapi?"

Nikacheka, naye akacheka. Somo likaishia hapo.

Haukupita muda mrefu, mwanangwa aliyeliangalia eneo lile kwa niaba ya mtemi alikuja na askari wa baraza kukagua kambi, nami nikafuatana nao. Alichungulia ndoo ya chambo ya mzee.

"Hawa wote ni watoto," akasema. "Leteni wavu."

Nikaomba ungo. Nikapiga magoti, nikawamwaga samaki kidogokidogo na kuwatenga. Visamaki vya fedha vilijaa upande mmoja, na wavuvi waliotuzunguka wakaanza kushusha pumzi. Kisha akatokea mwenye doa. Kisha mwingine. Walikuwa wachache, wote wangeenea kiganjani, lakini walikuwapo.

"Hukuambiwa?" mwanangwa akamuuliza mzee.

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na huyu mtani wangu." Mzee akanigeukia, na mshangao usoni mwake haukuwa wa mchezo. "Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

Wako waliocheka. Mwanangwa hakucheka. Aliniuliza kama nina neno, nikasema kwamba wengi ni halali na hao wachache si halali. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli yote, na haikuuokoa wavu.

Askari aliponyoosha mkono kuuchukua wavu, mzee alimzuia. Akaukunja wavu mwenyewe, taratibu, pindo juu ya pindo, kama mtu anayekunja sanda.

"Kwetu, kwenye msiba, kazi nzito ni ya mtani," akasema. "Mtani ndiye mchimba kaburi. Mpeni kiberiti."

Nikauwasha. Wavu ulikuwa na unyevu, ukakawia kushika. Ulifuka kwanza, ukanuka samaki, ndipo moto ukapenya katikati ya mafundo. Kwenye msiba mtani hutakiwa kusema la kuwachekesha wafiwa, na wote pale walikuwa wakiningojea mimi.

"Sema basi, Mzaramo," mzee akaninong'oneza.

Nikaokota kijiti, nikaisukumia motoni ncha ya wavu iliyobaki.

Asubuhi yake nilimkuta amekaa juu ya gogo, anasuka mgono, ule mtego wa matete, wa kunasia chambo. Nilisimama mbele yake, nikainama.

"Shikamoo, baba."

Alisuka matete mawili matatu zaidi kabla ya kuinua uso.

"Marahaba, mwanangu. Sasa nieleze. Lakini macho yangu hayalioni hilo doa lako."

Hilo sikuwa nimelifikiria, na namshukuru kwa kuniambia. Nikamwambia tuache macho, tutumie kidole gumba. Pitisha gumba mgongoni kutoka mkiani kwenda kichwani. Perege, hata awe mchanga namna gani, pezi lake lina miiba na litakuchoma. Kisamaki cha fedha pezi lake ni fupi na laini, litalala.

Mgono ulipotoa samaki wa kwanza, mzee alifumba macho, akapitisha gumba.

"Anachoma." Akamrudisha majini.

Wa pili naye akarudi. Wa tatu alikaa naye kiganjani, akampapasa tena na tena, mpaka nikadhani amesahau nilivyomwambia.

"Huyu laini," akasema hatimaye. "Hana mwiba hata mmoja. Mzaramo mtupu."

Akamtia ndooni.