Punda Milia Walipotangulia Malishoni

Harufu ya kinyesi cha punda milia kikikauka juani haijanitoka puani hadi leo. Nina nyumba ya mawe mtaani Chechelesi na malori ya kubeba mifugo, na shule niliiacha darasa la tatu. Elimu yangu ilianzia kwenye harufu hiyo, milimani juu ya Kipsing, katika ukame wa miaka ya themanini. Sikuwa mtoto wa kutulia. Mama akinisuta, "Mtembezi hula miguu yake," mimi nilikuwa nimeshafika mbali.

Mwaka ule tulibakiwa na ng'ombe mmoja tu wa kukamua, Dimtu. Mama mwenyewe alikuwa amekaukiwa maziwa, na mdogo wangu Talaso, mtoto mchanga, alikitegemea kile kibuyu cha maziwa ya Dimtu. Mlimani nyasi zilikuwepo, lakini ndefu, kavu, ngumu kama waya. Dimtu alizinusa akageuza kichwa. Punda milia walizila, na kila asubuhi Aba, baba yetu, na kaka yangu Guyo waliwafukuza kwa mawe. "Fahali wawili hawakai zizi moja," Aba alisema. Mimi nikawafuata waliofukuzwa hadi bonde la pili. Nikapasua kinyesi chao kwa fimbo, kama wachungaji tulivyozoea tukitaka kujua mnyama amekula nini. Mabua matupu! Nikainama pale walipokuwa wamekula: mabua yamekatwa, na chini yake majani laini, bado mabichi, ambayo Dimtu hakuweza kuyafikia.

Nilirudi mbio, kinyesi mkononi. Guyo alicheka hadi akakaa chini. "Aba, mwone huyu! Leo ametuletea chapati."

"Cheka tu," nikamwambia, "lakini kesho usirushe jiwe."

Aba alikivunja kile kinyesi, akakiangalia. Kisha akasema, "Kesho tutapita nyuma yao." Hakunisifu, kwa hiyo kazi hiyo naifanya mwenyewe. Mwezi haukuisha, kiwele cha Dimtu kikajaa, na Talaso akaacha kulia.

Leo mlima ule umegawanywa kwa ua: punda milia kule, mifugo huku, na huku nyasi zimesimama kavu, hazina wa kuzikata mabua kwanza. Nikipita na lori lazima nisimame, nishuke, nipasue kinyesi kwa kiatu changu cha ngozi. Talaso, sasa mama wa watoto wanne, hupiga honi.

"Kaka, ingia twende! Mtembezi hula miguu yake."

"Hii miguu," namjibu, "wewe ndiye uliyeanza kuila, kwenye kibuyu cha Dimtu."