Gunia Lililovaa Ovaroli Yangu

Niliondoka Bulla Pesa, mtaa wetu wa Isiolo, alfajiri, baada tu ya swala, nikiwa nimemdanganya mama yangu. Nilimwambia naenda Oldonyiro na lori la mjomba kuangalia bei ya mbuzi sokoni. Hooyo, kama tunavyomwita mama kwetu, alinifungia mikate ya anjera, akanijazia chai kwenye chupa, akasema amefurahi kuona hatimaye naipenda biashara ya nyumbani. Niliona aibu, lakini si aibu ya kunirudisha ndani. Chini ya kiti cha lori kulikuwa na mkoba wa parachuti, nami nilikuwa naenda kutafuta mtu wa kunifundisha kuruka nao kutoka jabalini.

Nieleze kidogo, maana wengi mtakaosoma haya ni watu wa Isiolo na mnanijua tu kama Idris, mtoto wa wenye malori. Kwa miaka minne nimefanya kazi pwani, mahali ambapo watu huruka kutoka kwenye ndege. Kazi yangu ni kukunja parachuti zao zikishatua. Mkunjaji akielewana na marubani hupata nafasi ya kuruka kiti kikibaki wazi, na kwa njia hiyo nimeruka mara mia na arobaini. Kisha nikaona kwenye simu watu wanaoruka kutoka majabalini. Mchezo wenyewe wanauita beisi. Hakuna ndege, na hakuna parachuti ya akiba, kwa sababu hata ukiwa nayo hutapata muda wa kuifungua. Nilipoona vile nilishikwa, sina neno jingine.

Kila niliyemwandikia anifundishe alinijibu kwamba beisi haifundishwi kwa simu, nitafute mtu wa kunitazama machoni. Wa karibu alikuwa mmoja tu. Akiru ni mama wa Kiturkana wa huko Oldonyiro aliyefanya kazi ya kupandisha watu milimani Norwe kwa miaka mingi, akiruka majabali ya kule, kisha akarudi nyumbani kufuga mbuzi. Ujumbe wangu wa kwanza alijibu "hapana". Wa pili hapana, wa tatu hapana. Wa nne akajibu: "Kuja na mkoba." Hakusema atanifundisha. Na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba akinikataa nitaruka peke yangu. Hata mahali nilikuwa nimeshachagua.

Saa tatu asubuhi tulikuwa tumepita Kipsing, na vumbi limetufanya sote rangi moja. Lori lilivuka laga moja baada ya nyingine, ile mito ya mchanga isiyo na maji, na dereva akanisimulia bei za mbuzi kwa sababu alidhani ndizo zilizonileta. Niliitikia kwa kichwa kila alipotaja bei. Moyoni nilikuwa nahesabu sekunde: jabali la urefu fulani, sekunde ngapi hadi chini.

Tulifika Oldonyiro saa sita, soko likiwa limejaa. Akiru nilimtambua kabla ya kuambiwa. Alikuwa amesimama kando ya zizi, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, ana shanga za kwao shingoni na viatu vya kupandia milima miguuni. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, akasema shikamoo ya pwani itanichosha huku. Halafu akanishika mkono, akanipeleka moja kwa moja hadi kwa muuza mahindi na kumwomba anipime kwenye mizani yake. Nilining'inia pale kama debe la maharagwe huku soko zima likinitazama. Kilo sitini na nne. Akiru alizirudia kwa sauti ya chini na hakunieleza za nini.

Jioni hiyo nyumbani kwake aliniuliza maswali kwa muda mrefu. Nimeruka mara ngapi, nani alinifundisha, nimewahi kuogopa lini, nimewahi kuahirisha lini. Swali hilo la mwisho lilinikwamisha, maana sikuwahi. Aliniambia kwamba marafiki aliowazika walikuwa wajuzi kuliko yeye, na kwamba alirudi nyumbani siku alipogundua anakumbuka makaburi kuliko safari. Tangu hapo hafundishi. Kisha akatandika turubai uani, akaniomba nikunje parachuti yangu.

Hapo nilifurahi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Kule pwani nasifiwa kwa mikono myepesi. Nilinyoosha kamba, nikapanga kitambaa, nikapiga magoti juu yake kutoa hewa, nikafunga mkoba. Dakika nane. Nilimtazama nikingoja asifu. Yeye alikuwa ameutazama mkunjo wote tangu mwanzo bila kupepesa, na alichosema ni kwamba tulale, kesho tunapanda.

Asubuhi ya pili, kabla jua halijachomoza, nilikuta punda wake wawili wamebebeshwa magunia ya mchanga. Akiru aliniomba ovaroli yangu ya kazini. Jabali lenyewe sitalitaja jina, aliniomba hivyo ili vijana wasije kulijaribu. Nyuma yake kuna mteremko wa pole ambao punda huupanda, na mbele limekatika wima hadi kwenye miti ya migunga. Tulifika juu yapata saa mbili. Pale tulijaza mchanga ndani ya ovaroli, kifua, mikono na miguu, tukaifunga kamba kiunoni na shingoni. Ilikuwa kilo sitini na nne, kwa kuwa mchanga aliupima nyumbani. Akiru akaivisha mkoba wangu, kama nilivyoukunja.

Akaangalia chini kwa darubini muda mrefu, akasema hakuna mtu. Alifunga uzi mwembamba kutoka kwenye mkoba hadi kwenye mwamba. Uzi ule ungefungua parachuti kisha ukatike wenyewe. Halafu akaniambia nisukume mimi.

Nilisukuma. Gunia lilienda kichwa chini, uzi ukavuta, kitambaa kikatoka, na kikabaki kimefumba. Nilikiona kikijaribu kufunguka polepole, kama nilivyokiona kikifunguka mara mia na arobaini juu ya bahari, ambako kuna nafasi ya kungoja. Hapa haikuwepo. Kilikuwa kimefunguka nusu gunia lilipopiga chini. Sauti yake ilitufikia baadaye kidogo. Kitambaa chote cha buluu kikashuka taratibu na kulifunika.

"Umekunja vile unakunja ya ndege," Akiru alisema.

Alisema kweli. Kuna kipande cha kitambaa kinachopanda na kushuka kwenye kamba ili parachuti isifunguke kwa kishindo na kumvunja mtu anayeshuka kwa kasi kutoka kwenye ndege. Kwa jabali fupi kama lile kipande hicho hushushwa chini kabla ya kukunja, ili parachuti ifunguke hapo hapo; mimi nilikiacha juu. Nililijua hilo, nilikuwa nimelisoma usiku mwingi. Lakini mikono yangu haikusoma. Ilifanya kazi yake ya kila siku, haraka na vizuri, na mimi niliifurahia. Nilimwuliza kwa nini aliona akanyamaza. Alisema kama angeniambia, ningerekebisha na kumshukuru, na wiki moja baadaye ningesahau.

Kushuka kwa nyuma na kulizunguka jabali kulituchukua zaidi ya saa mbili. Nilijua sasa atanikataa, na kilichonitisha ni kwamba bado sehemu fulani ndani yangu ilikuwa inasema basi, nimeona kosa, nitalirekebisha na kuruka mwenyewe.

Karibu na saa tano tulitokeza kwenye migunga na kuona mbuzi, labda sitini, wamelala kwenye vivuli huku midomo ikiwa wazi. Kando ya kitambaa changu cha buluu alikaa mtu. Alikuwa Msamburu wa makamo, ameweka mkuki magotini. Akiru alimjua, aliitwa Lekupe. Juu ya kitambaa kulikuwa na tawi bichi, kama la kumwekea maiti, na pembeni mguu wa ovaroli umetokeza. Juu ya mguu ule Lekupe alikuwa ametandika shuka lake, akabaki mabega wazi juani.

Alisimama alipotuona. Aliongea na Akiru kwa sauti ya chini, ya msibani, halafu akanigeukia na kunipa pole kwa Kiswahili. Alisema alikuwa ndani ya laga aliposikia kishindo. Alimwona mtu chini ya nguo. Hakumfunua, kwa sababu mwili wa mgeni hufunuliwa na watu wake. Lakini hakuweza kumwacha pia, fisi wa pale hawangoji usiku. Basi akakaa.

Akiru aliweka mkono kinywani. Ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye hakulitegemea hili, na kwamba darubini haikuona ndani ya laga. Alimweleza kwa Kisamburu, kisha akainua kitambaa kumwonyesha mchanga uliomwagika. Nilidhani Lekupe atakasirika. Nilitamani akasirike.

Lekupe alichota mchanga kiganjani. Aliuliza mchanga ni wa nini. Akiru akaninyooshea kidevu, akasema mchanga ni huyu.

"Basi ni wewe," Lekupe aliniambia. "Mimi nimekaa na wewe tangu asubuhi. Nilikuwa nafikiria mama yako ako wapi, nani atamwambia. Na hata jina yako sijui."

Nilimwambia jina langu. Alilirudia mara mbili ili alishike, akachukua shuka lake, akalikung'uta na kujifunga. Ndipo Akiru aliponieleza, tukimtazama akiwaamsha mbuzi, kwamba kisima cha mchangani kilichokuwa mbele kina zamu, na zamu ya Lekupe ilikuwa saa tatu. Iliyofuata ilikuwa kesho. Wale mbuzi walikosa maji kwa ajili ya maiti ya mtu ambaye Lekupe hakumjua, na maiti yenyewe haikuwepo. Nililia. Nasema wazi kwa sababu nimekusudia kusimulia safari yote.

Mchana tulitumia punda kubeba maji ya Akiru mwenyewe, madumu manne, tukampelekea Lekupe. Hayakuwatosha, lakini walio wadogo walikunywa. Hakutushukuru sana na hakutulaumu, alishughulika na mbuzi wake.

Jioni Akiru alinipa jibu lake. Mkoba unabaki kwake. Nirudi pwani, niruke kutoka kwenye ndege hadi mara mia mbili na zaidi, na kila parachuti nitakayokunja niikunje nikitaja kwa sauti kila ninachofanya, wacheke wanaocheka. Mvua zikipita nirudi, tuanze na upepo na kukunja, si kuruka. Nilimwuliza kama hiyo ina maana amekubali.

"Bado kitu moja," alisema. "Siku ya kuruka utakuja na mtu wa kwenu. Akae pale chini, pahali Lekupe alikaa. Kama hakuna mtu wa kwenu anaweza kukaa pale, basi mimi siwezi kukufundisha."

Siku ya tatu lori lilirudi limejaa mbuzi, nami nikakaa juu yao kwa hiari, vumbi likinipiga usoni. Nilipitisha majina ya ndugu zangu wote nikitafuta wa kukaa chini ya jabali. Binamu angekubali kwa mchezo, lakini nilijua Akiru angemrudisha siku hiyo hiyo. Nilipoona minara ya misikiti ya Isiolo nilikuwa nimebaki na jina moja.

Nyumbani nilimkuta Hooyo akichambua mchele. Aliuliza bei ya mbuzi. Nilimwambia sijui, sikwenda kuangalia mbuzi, kisha nikamweleza yote, kuanzia mkoba chini ya kiti hadi shuka la Lekupe. Mikono yake iliendelea kutafuta mawe kwenye ungo muda wote, hata mchele ulipokwisha kuwa safi.

"Unataka nikae pale," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Na nikikataa? Utaenda peke yako?"

Kabla ya safari hii ningemwambia hapana kwa kumtuliza, halafu ningekwenda. Nilijipekua kwanza, kama ninavyojipekua kabla ya kupanda ndege, nikitafuta kile kisauti kilichokuwa kinaniambia nitaruka mwenyewe. Sikukipata.

"Ukikataa, Hooyo, siruki."

Alinitazama kama anayemtambua mtu aliyerudi kutoka mbali. Kisha akasema nimpe muda, na mimi nimempa.