Jiko Lisiloivisha Maharage

Lile jiko la udongo nililifinyanga kwa mikono yangu, na nilijivunia, acha tu! Nilikuwa nimetoka kwetu Kenya kuja kujitolea kufundisha kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, wilayani Ngara, Tanzania. Muhula mmoja ulinitosha kujua kwamba adui wa darasa langu hakuwa hesabu. Alikuwa kuni.

Wasichana walikosekana kila mara. Nikiuliza waliko, darasa zima linajibu, "Kuni, mwalimu." Miti ya karibu ilikuwa imekwisha, ikabidi waende mbali, hadi vilima vya upande wa Keza. Huko nako wenye mashamba walikuwa wamechoka kukatiwa miti, wakawa wanawafukuza kwa fimbo.

Aliyeniuma zaidi alikuwa msichana mmoja wa darasa la sita, mwembamba, mbishi, asiyeona haya kunisahihisha ubaoni mbele ya wenzake. Baba yake alipotelea njiani walipokuwa wakikimbia. Mama yake alikuwa na mimba kubwa, kwa hiyo kuni zilikuwa kazi ya binti. Mtihani wa kuingia sekondari, ambao kwa Warundi hufanywa darasa la sita, ulikuwa unakaribia, na nafasi zilikuwa chache mno. Huyu, nilijiapiza, hakosi.

Ndipo nikaja na jiko langu. Udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwakatwa, mlango mdogo, vijiti viwili vitatu basi. Nililijenga kwao yule msichana, majirani wakajaa kutazama, nikabandika chai. Hee! Ikachemka upesi, tena kwa vijiti! Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikanywa chai yangu nikijiona mtaalamu.

Mama yake alingoja watu waondoke.

"Mwalimu, chai yako tamu," akaniambia kwa upole. "Lakini sisi hatupewi chai."

Walichopewa ni mahindi ya punje, hayajasagwa, na maharage yaliyokaa ghalani mpaka yakawa mawe. Siku ya pili vijiti vyangu viliwaka tangu asubuhi hadi jua likaelekea kuzama, na yale mahindi na maharage bado yanagonga meno. Yalitaka magogo, na magogo hayakuingia kwenye kile kimlango changu. Mama akarudi kwenye mafiga yake matatu. Binti akarudi porini.

Mimi hasira zangu ziko puani. Nikaenda ofisini kudai watu wapewe unga, au basi waletewe mashine ya kusaga. Nikafoka, nikagonga meza. Bwana wa chakula akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akasema hata yeye hugawa kile tu kinachoshushwa na malori. "Wewe fundisha, mwalimu." Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera. Ningepata mbaya ningejua pa kupeleka hasira zangu.

Mtihani ulipobaki wiki moja, wenzake walimrudisha yule binti kutoka porini wakiwa wamemshikilia. Mwenye shamba mmoja alimkuta juu ya mti wake, akamshusha kwa fimbo, na mkono wa kulia ukavunjika. Zahanati ya kambi ikaufunga plasta. Nilipofika kwao alikuwa ameketi mlangoni, anajaribu kuandika jina lake mchangani kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa zinalala huku na huku. Aliponiona akalifuta kwa mguu. Nililia mbele yake, mimi mtu mzima.

Mama akaniletea kigoda. Ikawa yeye ndiye wa kunibembeleza.

"Nyamaza, mwalimu. Sasa atakuja shuleni kila siku."

Kisha akamwita mdogo wa yule binti, mtoto wa darasa la pili, akampa kamba ya kufungia kuni. Ilikuwa ndefu mno kwa mzigo ambao yeye angeweza kuubeba. Mama akaichukua tena, akaipima kwa macho, akaikata kwa panga.