Harufu ya Kwetu

Juzi pale Burungu, kwenye foleni ya maziwa, binti aliyeishi Goma miaka mingi alimkumbatia mama yake asiyeona. Mama akamnusa shingo, akamsukuma.

"Huyu hapana mutoto yangu! Ananuka sabuni ya watu."

"Mama, njo mimi, binti yako!"

Foleni nzima tukageuka kutazama, nami mropokaji nikaacha zamu yangu ipite.

Sisimizi pia hutambuana kwa harufu, ile wanayopakana wakilambana. Aliyekaa mbali akaipoteza, akirudi wenzake humng'ata.

Mama akachovya vidole kwenye kikopo cha samli anayojipaka kila siku.

"Sauti iko ya mutoto yangu, harufu njo ya Goma. Kuja nikupakale, unuke tena kama sisi."

Na huyo mutoto, mwenye mvi kunizidi, akainamisha kichwa apakwe.