Chumba cha Mchana

Jemutai ni fundi wa nguo hapa Kimumu, na kama umewahi kumpelekea sketi ukaikuta haijaguswa wiki nzima, ujue ni kwa sababu ya mamake. Sisi majirani humwita mama huyo Kogo, yaani nyanya. Alikamua ng'ombe Kapseret tangu usichana wake mpaka vidole vikapinda. Baridi ya Eldoret ikikaza hawezi kushika hata kikombe. Hospitalini walimpa dawa, wakasema zaidi ya hapo hawana la kufanya. Kilichobaki kumsaidia ni kujilaza ndani ya maji moto mpaka shingoni, na nyumbani kwa Jemutai kuna karai.

Ndipo Jemutai akasikia habari za hoteli ya Wasike, mjini. Chumba chake hukodishwa mchana kwa wasafiri wanaongoja basi la usiku, na kina bafu la kujilaza. Kila Jumamosi Jemutai alimpeleka mamake, akamsugua mgongo, akamwacha aloe majini. Vidole vilifunguka taratibu. Kisha Kogo alisinzia kwenye shuka nyeupe, akaamka, akanywa chai akishika kikombe mwenyewe. Wiki yake nzima ilikuwa ni kuingoja siku hiyo.

Jemutai hakumwambia mtu. Kwetu mwanamke akionekana akitoka hotelini mchana, hakuna anayemuuliza alikuwa na nani. Jibu limeshapikwa na kupakuliwa.

Sasa kuna Mildred, mwenyekiti wa kina mama kanisani. Ni mtu mwema, lakini akishika jambo ni kupe. Alhamisi moja alisimama mbele ya kina mama hao, Jemutai akiwemo.

"Hizi rooms za mchana zinamaliza ndoa zetu," akasema. "Mwenye anakubali twende tuombe kwa hizo hoteli, asimame."

Wote wakasimama. Jemutai aliona akibaki kitini macho yote yatamgeukia, naye akasimama. Aliponisimulia niliudhika, kwa maana angesema tu, mamangu huoga huko. Lakini ni rahisi kwangu kusema. Si mimi niliyekuwa nimekalia kiti kile.

Wakaenda na vitambaa vyao vya kichwa, wakaimba langoni kwa Wasike. Jemutai alijibanza nyuma ya Mildred, akaimba pia. Alidhani ni maombi tu, yataisha watu warudi kupika.

Jumamosi akampeleka mamake kwa tuktuk kama kawaida. Kogo akangoja ndani ya tuktuk, taulo magotini. Wasike alikuwa mapokezi.

"Mama, siku hizi hatupeani room ya mchana. Ni kulala tu."

"Wasike, si unatujua? Ni mamangu tu."

"Namjua. Lakini customers wameogopa kuonekana hapa, na mimi sitaki maneno na kanisa." Akamtazama kidogo. "Na si wewe ulikuwa kwa gate na hao wengine? Nilikuona ukiimba."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Jemutai. Bei ya kulala haiwezi. Hoteli nyingine alizokwisha kujaribu zina shawa tu, na Kogo hawezi kusimama. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Walikosea kidogo: hili Jemutai alilichuma, na anayelila ni mamake peke yake.

Alirudi kwenye tuktuk, akaketi.

"Leo ni nini?" Kogo akauliza.

"Maji imeisha, Mama."

Kogo alilitazama taulo. Alijaribu kulikunja, vidole vikakataa, akaliacha.

"Basi kesho kanisani uambie Mildred," akasema. "Yeye anajua kuomba. Aombee hii hoteli ipate maji."

Jemutai akasema sawa, atamwambia.