Kitunguu Chenye Kromosomu Nne

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka Kitahana, kule Kibondo, kuja kusomea ualimu Kasulu, na tulikuwa na mtihani wa vitendo wa biolojia. Asiyefaulu hakupangiwa shule ya mazoezi, na baba alikuwa ameshawatangazia majirani kuwa binti yake anafundisha.

Kazi ilikuwa hii: kata ncha ya mzizi wa kitunguu, itie rangi, ibonyeze kati ya vioo viwili, kisha chungulia kwa hadubini na uchore seli inayogawanyika. Mzizi hukulia nchani. Huko ndiko kiini cha seli hunakili kromosomu zake, zikajipanga katikati, zikavutwa pande mbili, hadi viini vikawa viwili vyenye urithi uleule.

Mimi, kwa pupa, nikakata juu mno. Nikaona viini vya mviringo vimetulia kama ng'ombe walioshiba, hakuna kinachogawanyika. Basi nikachora picha ya kitabuni niliyoikariri.

Mkufunzi wetu, mama asiyepandisha sauti, akautazama mchoro.

"Mwalimu mtarajiwa, kromosomu ngapi hizi?"

"Nne, madamu."

"Kitunguu kina kumi na sita. Hiki cha nne umekinunua soko gani?"

"Labda cha Kibondo, madamu!" akadakia jirani yangu, darasa likaangua kicheko.

Kumbe kitabu kilichora nne ili mchoro usisongamane. Muungwana akivuliwa nguo huchutama; nikakiri kuwa sikuona kitu.

"Umebakiwa na mzizi?"

"Mmoja."

"Na dakika ishirini."

Safari hii nikakata ncha yenyewe. Nikapata seli moja tu, kromosomu zimerundikana katikati. Namba nilikuwa nimeshaisikia, ningeweza kuiandika. Nikachora rundo vilevile lilivyo, na chini yake nikaandika: Sikuweza kuzihesabu.

Mama yule akachungulia kwa muda mrefu.

"Hata mimi siwezi," akasema, akatia sahihi ya kufaulu.

Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi majibu yamo simuni, yamepangwa vizuri kuliko ya kitabu changu. Yasome. Lakini ukiulizwa umeona nini, sema ulichokiona, na usipoona, sema hukuona. Huenda kesho ukawa wewe unayechungulia damu ya mgonjwa, naye atameza dawa kwa neno lako.

Mungu akupe macho mazima, na ulimi usioyatangulia.